Mwanangu Salim, Basi Hilo Usipande

Washington, D.C.
Jumamosi, 20 Julai 1963

Kwa mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni juu yenu huko nyumbani. Barua yako uliyoiandika tarehe 2 imenifikia juzi Alhamisi, pamoja na ile picha ya pasipoti. Umekonda. Mama yako anasema ni mtihani, mimi nasema ni kukesha. Lakini si hilo lililonikalisha mezani usiku huu.

Umeandika kwamba ukishuka New York utapanda basi moja kwa moja mpaka chuoni kwako Alabama, mchana na usiku, "ili niione nchi". Salim, basi hilo usipande. Nimeliweka hapa juu kabisa ili hata ukiisoma barua kwa haraka, kama ulivyo mtindo wako, hili liwe limeshaingia. Njoo kwanza Washington. Nitakungoja Union Station. Kutoka hapa kwenda kusini nitakufikisha mimi mwenyewe, kwa gari moshi.

Najua utakachonijibu, maana wewe na magazeti hamuachani. Utaniambia sheria imebadilika. Kweli imebadilika. Tume ya serikali kuu inayosimamia mabasi na magari moshi yanayovuka majimbo imepiga marufuku ubaguzi vituoni, na amri ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1961. Ile mibao ya weupe huku, weusi kule, ilitakiwa ing'olewe. Lakini amri hiyo imeandikwa hapa Washington, na wewe utakuwa umeketi kituoni katikati ya Georgia saa nane za usiku, na sanduku lako miguuni, mbele ya watu ambao hawataki hata kuisikia. Utamwonyesha nani hiyo amri?

Mei ya mwaka huohuo, kabla sijafika mimi, vijana weusi na weupe walipanda mabasi pamoja kutoka mji huu kwenda kusini, kuijaribu sheria. Tarehe 14 basi moja likachomwa moto nje ya Anniston, Alabama, abiria wakatoka wakikohoa moshi na wakapigwa hapo hapo. Tarehe 20 wengine wakapigwa kituoni Montgomery mpaka wakazimia. Chukua ile ramani yako. Kutoka Montgomery mpaka Tuskegee unakokwenda ni kama maili 40 tu. Nasikia utasema ni miaka miwili iliyopita. Basi tazama mwezi jana. Tarehe 11 Juni gavana wa jimbo hilohilo, George Wallace, alisimama mlangoni pa chuo kikuu cha serikali yake kuwazuia wanafunzi wawili weusi wasiandikishwe, mpaka askari wakaletwa ndipo akaondoka. Usiku ule Rais Kennedy akazungumza kwenye televisheni, akasema vizuri sana, bibi mwenye nyumba wangu akalia. Hazikupita saa nyingi, kule Jackson, Mississippi, mpigania haki za weusi mmoja anayeitwa Medgar Evers akapigwa risasi ya mgongo akishuka kwenye gari lake nje ya nyumba yake. Mkewe na watoto watatu wakiwa ndani.

Huyo walimzika hapa, ng'ambo ya mto, Arlington, kwenye makaburi ya askari, tarehe 19. Nilikwenda. Kazini jikoni niliwaambia ninaumwa. Yeye naye alikuwa askari wa vita vile vile tulivyokwenda sisi: wao Ufaransa, sisi Burma. Nilisimama nyuma kabisa kwenye jua, nikaona wanavyoikunja ile bendera, kunjo juu ya kunjo, mpaka ikawa pembe tatu ndogo, wakampa mjane. Miaka 37, Salim. Mtu wa miaka 37, mji wake mwenyewe, mlango wake mwenyewe, anajua kila kona na kila sura. Wewe una miaka 20 na hujui hata senti 10 ya huku ikoje.

Haya sikumwandikia mama yako, wala wewe usiyasome kwa sauti pale barazani. Unanilaumu kwamba barua zangu zote za nyuma zilikuwa za maziwa kuletwa mlangoni, na mashine za kufulia unatumbukiza sarafu zinakufulia, na kwamba sasa ghafla nawatisha. Hayo ya maziwa ni kweli, na mashine zipo. Mama yako alikuwa na watoto wanne na nyumba inavuja. Ungetaka nimwandikie nini?

Na basi nalijua. Desemba 1961, siku chache tu baada ya Uhuru, wanafunzi wa Tanganyika tulialikana kukutana New York, maana nchi yetu ilikuwa inaingizwa Umoja wa Mataifa. Nilivaa ile suti ya kijivu unayoijua, na beji ya Uhuru kifuani. Njiani, Maryland, basi likasimama ili watu wapate kula. Kahawa waliniuzia, sitasema hawakuniuzia. Walinimiminia kwenye kikombe cha karatasi na yule mama akanielekeza kwa kidole, mlangoni, nikanywee nje. Abiria wenzangu wakawa wananitazama kupitia kioo. Nikainywa, maana nilikwisha ilipa senti 10, na baridi ilikuwa kali. Baadaye nikajua kwamba barabara hiyo hiyo mabalozi wa Afrika walikuwa wakifukuzwa hotelini, hata balozi wa Chad akiwa njiani kupeleka hati zake kwa Rais, mpaka serikali ikaona aibu. Sasa Maryland wamepitisha sheria mwaka huu. Alabama hawajapitisha kitu. Na hiyo ilikuwa Maryland, mwanangu, saa nne za asubuhi.

Basi tuyaache. Barua ya kukubaliwa chuoni nimeisoma, ile nakala uliyoiandika kwa mkono. Nimemwonyesha profesa wangu, nimemwonyesha bibi mwenye nyumba, nimemwonyesha hata Mjamaika ninayeosha naye vyombo. Chuo chenyewe kina jina. Kimeanza mwaka 1881 na Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, na hiyo skuli ya udaktari wa mifugo ipo tangu 1945. Weusi wa hapa ukiwatajia Tuskegee wanakaa sawa kwenye kiti. Kwa hiyo usidhani sikufurahi. Lakini hukuniuliza. Uliandika maombi mwaka mzima, ukatafuta fedha, ukapata barua za walimu, mimi nikaja kujua mambo yamekwisha. Kabete hapo Nairobi wanafundisha mifugo, na usingehitaji kuvuka bahari wala kupita Georgia. Najua, utasema na baba aliomba kimya kimya akaaga siku kumi kabla ya kuondoka. Mimi nilikuwa mtu mzima na mwalimu wa miaka kumi na minne.

Umeuliza uje na fedha ngapi. Dola moja ni shilingi 7 na senti 14. Usipige hesabu kwa shilingi kila ununuapo kitu, utakufa njaa. Mimi nilifanya hivyo majira ya kwanza nikawa nakula mkate na chai. Mkate ni kama senti 22. Mayai dazeni moja senti 55 hivi. Kuku ni rahisi mno, senti 40 ratili, tena wamekwisha nyonyolewa na kukatwa, hutaamini. Huku kuku si kitu cha mgeni. Maziwa nusu galoni ni kama senti 50. Sukari ndiyo imepanda mwaka huu kila mtu analalamika. Ya Cuba waliacha kuinunua tangu 1960. Gari la chini ya ardhi New York ni senti 15, uende kituo kimoja au uzunguke mji mzima. Stempu ya barua ya humu nchini ilikuwa senti 4, tangu Januari ni 5. Ile karatasi ya bluu ya ndege ninayowaandikia siku zote ni senti 11, ndiyo maana huwa nabana maandishi pembeni. Leo nimechukua karatasi za kawaida nikubali gharama. Simu ya barabarani ni senti 10. Na hiyo sarafu ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5, nyembamba kama ukucha, usije ukaidharau ukampa mtu kama chenji. Mimi nilizitoa zangu zote hivyo siku ya kwanza.

Chumba nalipa dola 10 kwa wiki, karibu na chuo, naazima jiko la bibi mwenye nyumba jioni. Wewe utalala bwenini kwa hiyo hilo halikuhusu. Koti usinunue London wala New York. Hapa kuna maduka ya mitumba ya makanisa, koti zito dola 3, nimekwisha kukuwekea moja. Utaambiwa Alabama ni joto. Ni joto kama sasa, Januari utanikumbuka. Hiyo nayo ni sababu ya kupita hapa.

Kazi. Ukiwa na ruhusa ya idara ya uhamiaji unaweza kufanya kazi likizo ya kiangazi, na bila ruhusa usithubutu, wanakurudisha. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ni dola 1 na senti 15 kwa saa, mwezi Septemba kinapanda kuwa 1.25. Ukisikia hivyo utashangilia kama nilivyoshangilia. Lakini sheria hiyo haizihusu hoteli wala mikahawa, na huko ndiko sisi tunakopata kazi. Mimi napata senti 85. Ile kazi ya jikoni niliyowaandikia ni ya kuosha vyombo. Mama yako nadhani amefahamu ninapika, muache afahamu hivyo. Masufuria ya huku mtu unaingia mpaka kiwiko. Halafu saa mbili asubuhi nipo darasani na vijana wa umri wako wananiita "sir".

Sasa sikiliza njia. Ndege itakutua Idlewild, uwanja wa ndege wa New York. Hapo watakuuliza cheti cha ndui, kiwe mfukoni, usikitie sandukuni. Chukua basi la uwanja wa ndege mpaka mjini, hilo basi halina neno. Uende Pennsylvania Station, wala usiende kituo cha mabasi hata mtu akikwambia ni nafuu kwa dola mbili tatu. Ni nafuu kweli. Nunua tikiti ya Washington, ni mwendo wa kama saa nne, magari moshi ni mengi kutwa. Ukifika Union Station usitoke nje. Kaa kwenye yale mabenchi makubwa ya mbao ndani ya ukumbi, nami nitakuja, hata kama ni baada ya zamu yangu. Ukae huko huko. Tukishapumzika siku mbili tatu tutapanda la kusini linalopita Atlanta. Kituo cha karibu na chuo kinaitwa Chehaw, kipo porini tu, nimeuliza. Nitamwandikia mkuu wa bweni ajue unafika lini. Nimekwisha omba siku nne kazini na bwana mkubwa amekubali bila malipo. Kwa hiyo usiniambie unaogopa kunisumbua, maana siku zenyewe nimekwisha ziomba.

Wenzetu wengine watakushauri uvae kanzu na kofia njiani, uonekane mgeni wa mbali. Hilo linafanya kazi. Nimeliona kwa macho yangu: Mnigeria mmoja amevaa joho lake la kwao, akapewa kiti na leso ya kitambaa, na mtu mweusi wa hapa aliyezaliwa mtaa wa pili, baba yake kapigania nchi hii, akaambiwa hakuna nafasi. Wenyeji wanalijua hilo na linawauma, wanatuona tunapita mgongoni mwao. Mimi sivai. Wewe ukienda Tuskegee utakuwa mgeni wa watu hao, watakulisha na kukusomesha, kwa hiyo vaa suruali na shati kama wao ukae nao. Lakini weka kanzu juu kabisa sandukuni isiyo na mikunjo. Ukikwama mahali, ivae.

Usile kila mboga. Mchicha wa kusini wanaupika siku nzima na unapendeza kwa macho, lakini ndani yake wametia nguruwe, hata maharage, na hawatakwambia kwa sababu kwao hiyo si nyama, ni kiungo. Uliza kwanza, uliza kwa adabu. Swala ya Ijumaa huko sijui utaswali na nani. Hapa tuna msikiti mzuri wa Massachusetts Avenue, aliufungua Rais Eisenhower mwaka 1957, Idi mabalozi na wauza duka wote tunapangana safu moja. Nitakupeleka. Wapo pia weusi wa hapa wanaojiita Waislamu, msemaji wao ni Malcolm X, kijana mrefu, ana ulimi wa moto na hasemi uongo kuhusu nchi hii. Lakini dini yao wanaifundisha kivyao, na wana mtume wao Chicago. Wasikilize, ukitaka kuswali swali kama ulivyofundishwa na babu yako.

Leo alasiri jua lilipatwa. Huko Maine wameliona likifunikwa lote, hapa lilimegwa tu, watu wakatoka barabarani na vipande vya kadibodi vyenye tundu. Niliingia chumbani nikaswali rakaa mbili peke yangu. Niliwaombea ninyi nyote na wewe nikakutaja kwa jina, kwa sababu ya basi.

Usidhani nakupa mabaya tu. Watu wema ni wengi kuliko ninavyoweza kuwaandika. Huyu bibi mwenye nyumba, Februari ya mwaka jana, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu kwenye chombo chake, alinigongea mlango anakimbia, ati kwenye televisheni wametaja Zanzibar! Kweli wana kituo cha mitambo kule Unguja cha kufuatilia vyombo vyao. Akaniuliza, "Ndiko kwenu?" Nikamwambia ni jirani. Tangu siku ile akinitambulisha kwa wageni anasema mpangaji wangu anatoka kule rokheti zinakopita. Ramadhani ananiachia uji kwenye jiko, ameuliza mwenyewe unapikwaje. Na Oktoba ile ya Cuba, mlipokaa wiki tatu bila barua yangu mama yako akampigia mjomba wako kelele aje posta kuuliza, sikuwa mgonjwa. Kennedy alizungumza Jumatatu usiku kwamba Warusi wameweka makombora Cuba, na kesho yake madukani hakuna kopo la maharage. Bibi akajaza maji bafuni mpaka ukingoni, akaniambia hakuna kuoga. Tukakaa hivyo. Ningeandika nini? Nilianza barua, ikanishinda. Ilipokwisha tukayafungulia maji, nikaoga, nikawaandikia kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Mwalimu alikuja Jumatatu hii. Rais Kennedy alimpokea Ikulu, magazeti yote yana picha. Nilijivuna wewe, niliikata picha ile nikaibandika juu ya kitanda. Halafu nikaketi hapo hapo chini ya picha nikafungua barua yako, nikasoma habari za basi.

Tarehe 28 Agosti kutakuwa na maandamano makubwa hapa mjini, weusi kutoka kila jimbo, wanadai kazi na haki. Wanasema watafika laki moja au zaidi. Hoteli yetu wameambiwa wafunge baa siku hiyo. Wewe utakuwa umefika. Utakaa ndani, umenielewa? Uhamiaji wanaangalia wanafunzi wa kigeni, na hujaja kwa hilo. Bibi anakwenda, amekwisha nunua viatu vya kutembelea, na amesema asiye na kazi siku hiyo amsaidie kubeba chakula. Hilo tutazungumza ukifika.

Habari za nyumbani. Bati la upande wa jikoni lisingoje vuli. Mwambie fundi asitie viraka, abadilishe karatasi zote tatu, fedha nimetuma kwa mjomba wako shilingi 120, amwonyeshe mama yako risiti. Mpangaji wa chumba cha mbele ana miezi miwili hajalipa. Najua mkewe amejifungua, mpe mpaka mwisho wa Agosti, kisha wewe hutakuwepo na mama yako hajui kudai, kwa hiyo zungumza naye mapema mbele ya mjomba. Minazi ya Pongwe asiuziwe mtu kabla haijaangushwa. Nasikia mkonge umepanda bei na kila mtu anataka kazi ya manamba mashambani, hata mdogo wako. Mwambie asithubutu kuacha skuli. Nilipotembelea shamba moja Maryland na wenzangu wa chuo niliona majani ya ng'ombe yamefungwa marobota kwa kamba ya mkonge, nikaivuta nikainusa mbele ya mwenye shamba, akadhani nina wazimu. Pengine ni ya kwetu. Lakini anayeikata kule Tanga sijasikia amejenga nyumba.

Zuhura asome. Usiseme "atasaidia nyumbani nikiondoka", nimekuona umeandika hivyo. Mama yako atasaidiwa na watoto wa shangazi yako, nimekwisha mwandikia. Waliokuchangia nauli waandike wote kwenye daftari, majina na shilingi, hata aliyetoa mbili, daftari aliweke mama yako. Macho yake apelekwe hospitali kabla hujaondoka, asikudanganye kwamba anaona. Muulize asome saa ukutani.

Njoo na bizari, iliki, na mdalasini kidogo, huku vipo ila vimezeeka. Kikoi kimoja, changu kimechanika. Maembe usilete, watu wa forodha wanayatupa.

Nijibu kwa telegramu, sitaki kungoja barua. Wanatoza kwa neno, kwa hiyo moja linatosha: WASHINGTON. Nitaelewa.

Mimi baba yako.

Baada ya kufunga: Huyo rafiki yako uliyesema utasafiri naye kwa basi, mwambie baba yake anaweza kuniandikia. Chumba changu kina nafasi ya godoro la pili, na anwani yangu tangu tarehe 1 mwezi huu imeongezwa tarakimu tano mwishoni, serikali imezipa posta zote nambari. Nimeziandika nyuma ya bahasha. Afadhali mzinakili zote, ingawa mimi mwenyewe sijaona kama barua zinawahi zaidi.